Wawili Huingia, Mmoja Hutoka

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuondoka. Msinicheke. Nilifika Raskazone, hapa Tanga, asubuhi na mapema, buibui nimelikunja mkononi, nikapelekwa bustanini nyuma ya nyumba ya Mzungu mmoja, Bwana Mpimaji wa Ardhi, na mkewe akanionyesha kibanda cha magunia kilichosimama mbele ya mlimau. Tukaingia wote wawili, tukatulia kimya kwa kadiri ya kusoma Fatiha, kisha akaniambia nitoke, nitembee taratibu mpaka barazani, nisigeuke nyuma. Nikatoka, nikatembea, nikafika. Nikamuuliza mpishi kazi yenyewe ni ipi. Akanijibu, "Umeshaimaliza."

Mpishi huyo alikuwa Mzee Mhina, Mbondei wa Muheza, mtu wa kanisa, mpole lakini ulimi wake haukuwa na mfupa. Kila asubuhi alipita Ngamiani kununua vitumbua kwa mama yangu mdogo, na yeye ndiye aliyeniletea habari ya kazi. Wakati huo, miaka ya hamsini, nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nimeachwa, nimerudi kwa mama mdogo na kisanduku kimoja. Mzee Mhina alisema anatafutwa mtu anayejua kutulia. Mama mdogo akasema kama ni kutulia basi nimepata, maana tangu nipewe talaka sikuwa nafanya lingine.

Jioni nilipomweleza kazi ilivyo, aliweka mwiko chini. "Unalipwa kwa kutembea kutoka mtini hadi barazani? Hiyo kazi au dhihaka?"

Haikuwa dhihaka. Nyinyi mnaopiga picha mia moja kabla ya chai hamwezi kujua, kwa hiyo acheni nieleze. Memsahibu, ndivyo tulivyomwita, alikuwa akipiga picha ndege wa porini waliokuja bustanini mwake. Kamera yake ilikuwa kasha la mbao lenye mvukuto wa ngozi, limesimama juu ya miguu mitatu, na ilibidi lisogee mpaka karibu na ndege kama nilivyo mimi na kalamu hii. Ndege gani atakubali? Ndipo likaja gunia. Kibanda kilisimamishwa mbali kwanza, hatua thelathini, na kila siku kikasogezwa hatua mbili au tatu, hata ndege akakizoea na kukiona sehemu ya bustani. Lakini ndege akimwona mtu anaingia ndani, hatarudi mpaka amwone anatoka. Dawa yake ni kuingia wawili akatoka mmoja. Ndege anaona mtu kaondoka, anafurahi, anarudi kwenye shughuli zake, na kumbe mwingine yumo.

"Ndege hajui kuhesabu, Mwantumu," Memsahibu aliniambia. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kila neno limenyooka. "Huo ndio msingi wa kazi yetu."

Kutoka nako kulikuwa na kanuni yake. Aliye ndani hatoki peke yake. Hutokeza kitambaa chekundu kwenye tundu la nyuma, mwenziwe akaja kumchukua, wakaondoka pamoja bila haraka. Kanuni ya tatu ilikuwa ya majani: jani linaloziba kiota hufungwa kando kwa uzi wa mkonge, halikatwi, na picha ikishapigwa linafunguliwa papo hapo ili jua lisiwachome makinda. Kanuni hizi alinirudia kila siku mpaka nikaziota.

Nikawa mwenye kuondoka kwa miezi kadhaa. Halafu nikawa mwenye kuleta barafu. Hilo nalo mtalishangaa. Picha zetu hazikuwa kwenye filamu. Zilikuwa kwenye vioo vyembamba vilivyopakwa dawa, tukiviita sahani, na joto la Tanga ni adui wa sahani. Ukiiosha kwenye maji ya bombani mchana, ile dawa inavimba na kuchuruzika kama uji. Kwa hiyo tuliosha alfajiri, na hata hivyo ilibidi bakuli likae ndani ya beseni la barafu iliyosagwa. Nilinunua barafu kwa watu wa samaki, nikaifunga kwenye pumba za mbao, na chumba chetu cha giza kikanuka samaki, changu na kolekole.

Katika chumba hicho nilijifunza yote. Taa nyekundu, dawa ya kutoa picha, dawa ya kuikaza, kisha maji na maji tena. Mara ya kwanza nilipoona ndege anatokeza juu ya kioo, mweusi palipo peupe na mweupe palipo peusi, nilisema Subhanallah kwa sauti, na Memsahibu akacheka. Alikuwa mwanamke mkavu, hakucheka mara nyingi. Tangu siku hiyo akaanza kunifundisha kwa moyo, na mimi nikampenda, nasema wazi, nilimpenda kuliko nilivyopata kumpenda mume.

Mwaka uliofuata akanikalisha ndani ya gunia, na yeye akawa mwenye kuondoka. Nilimpiga picha shore akioga kwenye sinia la maji. Nilimpiga mdiria juu ya nguzo ya kamba ya nguo, na dudumizi aliyevuka majani akijificha kama mdaiwa. Kukaa ndani ya gunia si mchezo. Jasho linakutiririka, sisimizi wanakupanda, mkono umeshika waya wa kufyatulia kamera na huruhusiwi hata kumeza mate kwa nguvu. Lakini niligundua kuwa nilikuwa nimeumbiwa jambo hilo. Mume wangu alinilalamikia kuwa nimepoa mno. Ndege hawakulalamika.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Bwana Mpimaji alimaliza mkataba wake, wakapangiwa kurudi kwao kwa meli. Zilipobaki wiki tatu, Memsahibu aliniita barazani, akanikalisha kwenye kiti, jambo lisilokuwa la kawaida. Akasema amezungumza na tajiri mmoja Mhindi mwenye studio mjini. Huyo tajiri alikuwa na shida: wanawake wa Tanga walitaka picha, za harusi, za kumpelekea mume aliye safarini, lakini wengi hawakutaka kuvua buibui mbele ya mwanamume. Alitaka mwanamke wa kuwapiga, chumba chake na pazia lake. Ila hakuamini kama mwanamke wa Ngamiani anaweza kazi ya kamera.

"Ameniambia nimpelekee picha moja tu ngumu, iliyopigwa na wewe mwenyewe, na barua yangu," Memsahibu akasema. "Ndege chozi. Mama akimlisha mwanawe. Mimi nimejaribu miaka miwili sijaipata."

Nilielewa vizuri kilichokuwa mizanini. Upande mmoja chumba changu, pazia langu, mshahara wangu mpaka uzeeni. Upande wa pili vitumbua vya mama mdogo, na mjumbe wa posa wa mzee mmoja wa Tongoni ambaye alikuwa ameshakuja mara mbili.

Chozi ni ndege mdogo kuliko kidole gumba cha seremala. Kiota chake kinaning'inia kama kifuko, mlango ubavuni, na juu ya mlango kijipaa kidogo. Mwaka ule alikitundika kwenye mlimau uleule wa siku yangu ya kwanza, akatotoa makinda wawili. Tukasogeza gunia pole pole. Kila nilipopiga, picha ikaharibika: ama ametikisika, ama jani limepita, ama jua limeingia kwenye wingu. Siku zikaisha. Sahani zikaisha nazo, maana nyingine zilishafungwa kwenye makasha ya safari. Zikabaki mbili.

Siku mbili kabla ya meli, Mzee Mhina alinishika jikoni.

"Mwantumu, kuna kunguru mmoja simpendi."

"Kunguru gani mzee anayependwa?"

"Sikiliza, mwanangu. Huyu anakaa juu ya mti wa mwashoki kule. Mkiingia wawili, anatazama. Akitoka mmoja, hasogei. Anangoja. Akitoka wa pili, ndipo anashuka na kuzunguka mlimau. Mmesema ndege hajui kuhesabu. Chozi hajui. Kunguru anajua kuliko karani wa bandari. Na hilo gunia lenu ndilo lililomwonyesha kiota kilipo."

Nilimwambia nitamfikishia Memsahibu. Sikumfikishia. Niliogopa angesema tuondoe gunia.

Asubuhi ya mwisho Memsahibu aliamka na homa, anatetemeka ndani ya blanketi. Akaniita mlangoni mwa chumba, akasema, "Nenda wewe. Mhina atakuwa mwenye kuondoka." Tukaingia mimi na Mzee Mhina, akakohoa kidogo kwa adabu, akatoka, nikasikia nyayo zake mpaka jikoni. Nikatia sahani ya kwanza, nikavuta kifuniko chake, jicho la kamera likabaki linangoja waya tu.

Mwanga ulikuwa mzuri. Sijaona tena mwanga kama ule bustanini. Makinda wawili walikuwa wametoa vichwa mlangoni, midomo ya manjano wazi. Mama akaja na buibui mdogo mdomoni, akatua kwanza kwenye kijiti cha pembeni, kama desturi yake, ili atazame usalama.

Nami ndipo nilipomwona kunguru. Alikuwa juu ya tawi la mlimau wenyewe, dhiraa moja kutoka kiotani, amekaa kimya kabisa, shingo ameinamisha. Hakungoja safari hii tutoke wote wawili. Labda alishachoka kungoja. Labda alishajua kuwa aliye ndani ya gunia hana madhara.

Nataka mnielewe, si kwamba sikujua la kufanya. Nilijua. Kutikisa gunia tu kungetosha, au kusema "shii". Kunguru angeruka. Lakini chozi naye angeruka, na picha ingeruka naye, na meli ilikuwa kesho. Nikajiambia, apite mlangoni tu, alishe mara moja, kisha nitapiga kelele. Chozi akaruka kutoka kijitini, akaning'inia mlangoni, akaingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mwanawe. Nikabonyeza. Kamera ikalia kwach, chozi akashtuka akaruka.

Hapo bado palikuwa na nafasi. Ndogo, lakini ilikuwapo. Na mkono wangu ulifanya nini? Ulifanya ulichofundishwa. Ulirudisha kifuniko juu ya sahani kwanza, ili mwanga usiichome, ukakisukuma mpaka mwisho, ukaangalia kama kimekaa. Nilipoinua macho kunguru alikuwa ameshika kiota kwa miguu anakipasua kama mtu apasuaye bahasha. Ndipo nikatikisa gunia. Alikwenda na mmoja mdomoni. Wa pili alikuwa chini kwenye mchanga, naye hakuwa hai.

Sikutoka. Kanuni ilisema nisitoke peke yangu, nami nikajificha nyuma ya kanuni. Chozi akarudi. Alikuwa na kijidudu mdomoni. Akatua kwenye kijiti, akatazama, akaenda mahali mlango ulipokuwa, akaning'inia hewani akipiga mabawa, akaondoka. Akarudi na kingine. Alifanya hivyo mara nne. Mwanga ulikuwa bado mzuri na nilikuwa na sahani moja. Kisha nikatokeza kitambaa chekundu.

Mzee Mhina alikuja, akainua gunia, akaniangalia usoni. "Nilimwona kunguru kutoka jikoni," alisema polepole. "Nikasema moyoni, Mwantumu atatikisa gunia sasa hivi. Halikutikisika mpaka alipokwisha."

Nikaanza kufungua waya wa kamera.

"Kamera ina jicho moja, mwanangu. Wewe Mungu amekupa mawili." Akaokota lile kinda kwenye mchanga, akalifukia chini ya mlimau kwa kijiko chake cha bustani, na hakulizungumza tena neno hilo na mtu yeyote. Mpaka amekufa hakulizungumza.

Tuliiosha sahani ile alfajiri ya siku ya meli, Memsahibu amejifunga shali, anasimama kwa kushika meza. Picha ikatoka. Wallahi, ilikuwa picha. Kila unyoya, kijidudu na miguu yake, mdomo ndani ya mdomo. Na juu kabisa, pembeni, kunguru, amekaa wazi kama hakimu.

Memsahibu alimwelekezea kunguru kidole. "Ulimwona kabla?" akaniuliza.

"Sikumwona, Memsahibu. Macho yangu yalikuwa kwa chozi."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mgonjwa na alikuwa na haraka, na labda alitaka kuniamini. Akachukua kipande cha karatasi nyeusi, akafunika pembe ya juu ya kioo. "Tutakata hapa," akasema. Tukachapa picha isiyo na kunguru. Akaandika barua kwa Kiingereza, akaitia ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi. Mchana nilisimama gatini mpaka boti iliyowapeleka melini ikawa ndogo. Alikuwa ameniachia ile sahani moja iliyobaki, akisema ni zawadi ya mwanafunzi.

Tajiri wa studio alitazama picha ile kwa kioo cha kukuzia, akaigeuza, akaitazama tena. Akaisoma barua, akaitia kwenye faili. "Kesho saa mbili," akaniambia. Nikapewa chumba cha nyuma, pazia la kijani na kiti cha kuzunguka. Mzee wa Tongoni akaoa kwingine, kheri yake.

Nilikaa katika kazi hiyo miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Nimewapiga mabibi harusi wa Usagara na Chumbageni, mama zao, na baadaye binti zao. Nimejifunza kupaka picha rangi kwa mkono, shavu kidogo, kanga kidogo, kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Tajiri alinipeleka hata mashamba ya mkonge, nikawapiga wake za manamba waliotaka kuwaonyesha wazazi bara kwamba bado wako hai. Wanatulia mbele ya kamera, wananitazama, na mimi kila mara kabla ya kubonyeza natazama kwanza pembe nne za picha. Watu walidhani ni ufundi. Wasichana niliowafundisha waliiga, nami sikuwaambia ilikotoka.

Siku moja mama mmoja alimweka mwanawe juu ya stuli ndefu. Nilipokwisha kuvuta kifuniko, mtoto akaanza kuegemea upande. Niliachia waya, nikaruka, nikamdaka, kamera ikaanguka na miguu yake yote mitatu. Tajiri alikuja mbio.

"Mwantumu! Lenzi yangu!"

"Mtoto mzima, tajiri," nikamwambia.

Akanuna siku mbili. Mimi nilikwenda nyuma ya pazia nikalia, na si kwa ajili ya lenzi.

Siku ya kustaafu walinifanyia karamu pale pale studio. Tajiri alikuwa ameshafariki. Mwanawe ndiye aliyekuwa Meneja. Walipika pilau, wakanipa kitenge na saa ya ukutani. Kisha Meneja akasema amefungua faili langu akakuta barua ya zamani, na atanisomea kwa Kiswahili, kwa kuwa anaamini sijapata kuisikia. Kweli sikuwa nimepata kuisikia. Kiingereza sikujua, na nilikuwa na haya ya kuuliza.

Akasoma. Ilikuwa fupi. Memsahibu alieleza kwamba nimejifunza haraka, kwamba ninaosha sahani vizuri kuliko yeye. Halafu kulikuwa na sentensi moja Meneja aliisoma mara mbili kwa kuipenda: kwamba mwanamke huyu hawezi kumdhuru kiumbe yeyote anayemtazama.

Watu wakapiga makofi. Machozi yakanitoka, wakasema masikini, ni furaha. Niliinuka nikitaka kuwaambia. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikasema "Ahsanteni" nikakaa chini, na hiyo ilikuwa mara yangu ya pili kunyamaza ndani ya gunia.

Ndiyo maana nimeandika. Mzee Mhina hayupo, Memsahibu sidhani kama yupo, na nyinyi mnaoanza kazi hii mnaniuliza siri ya picha nzuri. Siri ninayo. Siku ile ndani ya gunia nilikuwa na sahani ya pili, na chozi aliporudi mara ya nne alisimama wazi, karibu, ametulia kuliko siku zote, chakula mdomoni na hana wa kumpa. Hakuna mtu Tanga nzima angeweza kupata picha kama hiyo. Sikuipiga.

Sahani hiyo ninayo mpaka leo, ndani ya bahasha yake nyeusi, sandukuni chini ya sanda yangu. Siku ikifika, watakaofungua sanduku kuchukua sanda wataiona. Wasihangaike kuitafutia dawa na barafu. Haina kitu.